Ndege Zikipishana Angani, Roho Hutegemea Neno

Wengi katika wasomaji wetu wamekwisha kupanda ndege, na asiyepanda amekwenda kumsindikiza mwenziwe uwanjani. Aliyepanda atakuwa amelitambua jambo hili: ndege hutoka mbio, ikajiinua, ikapaa kwa ngurumo hata mtu akahisi tumbo limebaki nyuma, kisha, kabla abiria hajapata kulikunjua gazeti lake, ngurumo ile hupungua kwa ghafula, na ndege ikawa kama inayositasita. Bibi mmoja niliyekaa naye tukitoka Mombasa kwenda Nairobi alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, imezimika hii?" Nikamwambia, "La, mama, haijazimika. Imepunguza nguvu, na labda inangoja kupishwa."

Kupunguza nguvu kuna sababu yake ya kawaida, kwani injini haziachwi kwenda kwa nguvu za kurukia muda mrefu. Lakini huko kungoja kupishwa ndiko ninakotaka kukuzungumzia leo. Utaniuliza, ukurasa huu wa mashairi na mila una haja gani na mambo ya marubani? Haja ipo. Nimesoma habari za ndege zilizogongana na za zilizokoswakoswa, na kila nilipochimba nilikuta chini ya vyuma na moto kuna neno: neno lililosemwa vibaya, au lililosikiwa vibaya, au lililosemwa sawasawa likamfikia asiyehusika. Hiyo ni kazi yetu sisi watu wa lugha kuitazama.

Mtu aliye chini huinua macho akaona mbingu pana isiyo na mwisho, akasema: vyombo viwili vitagonganaje huko? Na kweli, katikati ya safari nafasi ni kubwa. Lakini uwanja wa ndege ni kama mlango wa bandari. Majahazi ya zamani yalitawanyika bahari nzima, haya kutoka Muskat, haya kutoka Bombay, haya kutoka Kismayu, lakini yakifika Mombasa yote sharti yapite mlangoni, na yanayotoka sharti yapite hapo hapo. Tena ndege inayopaa ina taabu kuliko jahazi, kwani haiendi mbele tu. Hukata vimo vyote kuanzia chini hata futi 30,000 na zaidi, na katika kukata huko hupenya njia za wenzake wanaoshuka na wanaopita. Ni kama mtu apandaye ngazi nyembamba ya ghorofa na mzigo kichwani, na wengine wanateremka.

Basi ili wasiparamiane, pamewekwa mipaka. Ndege mbili zinazoongozwa kwa rada sharti zitengwe kwa futi 1,000 juu kwa chini, au kwa umbali wa maili tatu za baharini zikiwa karibu na uwanja, na maili tano zikiwa mbali. Kimoja katika viwili hivyo kikiwapo, salama. Vikikosekana vyote viwili, mambo yameharibika. Futi 1,000 zaonekana nyingi kwenye karatasi. Lakini ndege inayopaa futi 2,000 kwa dakika huzimaliza kwa nusu dakika, na ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda noti 250, husogeleana zaidi ya maili nane kila dakika. Wakati wa kufikiri haupo.

Kwa hiyo mwongoza-ndege hufanya hivi. Mnara ukisha kuipa ndege ruhusa ya kuruka, huikabidhi kwa mwenzao aliyekaa mbele ya kioo cha rada, na mara nyingi huyo yumo chumbani ambamo hata dirisha la kuona nje hamna. Huyu humwambia rubani: paa hadi kimo fulani, ukome hapo. Ndege nyingine inayokuja kutua huambiwa: shuka hadi kimo fulani, ukome hapo, na kimo hicho huwa futi 1,000 juu ya kile cha kwanza. Moja hupita chini, moja juu, kisha anayepaa hupewa ngazi nyingine. Kazi nzima ni ya kupishanisha, kama askari aliye mahali pa daraja jembamba, ila huyu hamwoni mtu yeyote katika hao anaowapishanisha. Anachoona ni vidoa vya nuru, na anachoshika mkononi ni neno.

Watu wa pwani hawatakuwa wageni katika mambo haya. Ndege imerithi kwa chombo cha bahari: taa nyekundu bawa la kushoto na ya kijani bawa la kulia, mwendo wa kuhesabiwa kwa noti, na kanuni kwamba wanaokutana uso kwa uso kila mmoja ajitenge kulia kwake. Lakini nahodha wa jahazi alikuwa na nafasi ya kuona taa ya mwenziwe, akaikisia, akageuza usukani, akamaliza na kahawa yake. Marekani walikuwa wakitegemea macho ya marubani pia, mpaka tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili kubwa zilizotoka Los Angeles ziligongana juu ya Grand Canyon katika anga ambayo hapakuwa na mtu wa kuwapishanisha. Walikufa watu 128, na miaka miwili baadaye serikali yao ikaunda idara mpya ya kusimamia anga yote.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Aliyesoma chuoni atakumbuka jinsi mwalimu alivyokuwa akisoma, nasi tukimrudishia. Haikutosha kusema "nimesikia, mwalimu". Ulitakiwa urudishe vile vile, na yeye alikutegea sikio kwa kila irabu, kwani aliyesema "an'amtu" mahali pa "an'amta" amemnyang'anya Mola neema akajipa mwenyewe, kwa dhuma moja tu. Kiboko kilikuwa karibu.

Marubani nao husoma hivyo hivyo. Mwongoza-ndege akitaja kimo, rubani hana ruhusa ya kujibu "sawa" akanyamaza. Hurudisha kimo kile kile kwa tarakimu, pamoja na jina la ndege yake. Na mwongoza-ndege anapaswa kusikiliza marudio yale, akisikia kosa alirekebishe papo hapo. Ni duara: neno huenda, likarudi, likahakikishwa. Duara hilo likikatika upande wowote, ndege inayopaa haitajua pa kukomea.

Hata matamshi ya tarakimu yamewekewa sheria. Katika Kiingereza cha marubani, tisa haitamkwi "nain" kama mitaani. Hutamkwa "naina", ili isichanganyike na tano katika redio yenye mikwaruzo. Tatu hutamkwa "tri", bila kuubana ulimi kwenye meno. Nilipoyasoma haya nilijaribu kufikiri ingekuwaje kama lugha ya anga ingekuwa Kiswahili chetu. Msomaji, hebu tamka "sita" kisha "tisa", upesi upesi, na mtu akitia kelele ya mashine. Silabi ni zile zile mbili, zimegeuzwa tu! Nina hakika wazee wa anga wangetulazimisha kubuni neno jingine, na washairi tungegombana miaka kumi juu yake.

Kiingereza kina mtego wake mwingine. "Mbili" na "hadi" katika lugha ile hutamkwa namna moja: "tu". Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur, Malaysia, alfajiri. Iliambiwa ishuke mpaka futi 2,400, tarakimu moja moja: mbili, nne, sifuri, sifuri. Wale marubani waliisikia ile "mbili" kama "hadi", wakarudisha futi 400. Marudio yalikuwa ya makosa waziwazi, wala hakuna aliyeyarekebisha. Ndege ikashuka ikaingia kilimani, na watu wake wote wanne wakafa. Hiyo ilikuwa ikishuka, nami nazungumza habari ya kupaa, lakini mtego ni ule ule kwa anayeambiwa apae.

Kisa ambacho kinayakusanya mambo haya yote ni cha Delhi, India, tarehe 12 Novemba 1996. Nitakieleza kwa urefu kidogo, kwani sijui kisa kingine chenye mafunzo mengi kama hicho, wala kizito kama hicho. Hakuna kugongana kwa ndege zilizo hewani kulikoua watu wengi zaidi.

Jioni ile, baada ya saa kumi na mbili na nusu kwa saa za huko, Boeing 747 ya Shirika la Ndege la Saudia iliruka kutoka Delhi kwenda Dhahran na Jedda ikiwa na watu 312. Wengi wao walikuwa Wahindi wanaokwenda kazini Uarabuni. Sisi wa Mombasa na Lamu twawajua watu wa namna hiyo, kwani katika mitaa yetu hakuna nyumba isiyokuwa na mtoto aliyekwenda huko: waashi, madereva, wapishi, watumishi wa nyumbani, kila mmoja na barua za watu alizopewa apeleke na deni la tikiti alilokopa. Wakati huo huo ilikuwa ikija kutua ndege ya Shirika la Ndege la Kazakhstan aina ya Ilyushin 76, kutoka mji wa Shymkent, ikiwa na watu 37.

Ilikuwa zinaelekeana. Anga kubwa ya sehemu zile ilikuwa imetengewa jeshi, kwa hiyo ndege za raia zinazoingia na zinazotoka zilipewa ukanda mmoja, kama barabara ya gari moja. Mwongoza-ndege alikuwa mmoja kwa zote mbili. Akaiambia ile ya Kazakhstan ishuke hadi kimo 150, yaani futi 15,000, na ile ya Saudia ipae hadi kimo 140, yaani futi 14,000. Futi 1,000 kati yao. Mpango ulikuwa sahihi. Akawatahadharisha Wakazakhstan kwamba mbele yao uso kwa uso kuna Boeing ya Saudia, maili kumi na nne, wakiiona waseme. Hakupata jibu mara moja, akarudia: maili kumi na tatu, kimo 140. Rubani wa Saudia alipoomba aendelee kupaa aliambiwa angoje, abaki kimo 140. Naye akarudisha vizuri kwamba atabaki 140.

Mwongoza-ndege hakuweza kuona kwamba wale wengine hawakubaki 150. Rada yake ilikuwa ya aina ya zamani, inayoonyesha kidoa kilipo lakini haionyeshi kiko juu kiasi gani. Rada mpya ya kuonyesha vimo ilikuwa bado haijaanza kutumika. Kwa hiyo alichojua kuhusu kimo cha ndege ni kile tu alichoambiwa kwa mdomo. Alikuwa mwalimu anayesikiliza wanafunzi waliofunikwa na pazia.

Na mle ndani ya Ilyushin mambo yalikuwaje? Waliofanya kazi katika mtindo wa Kirusi walizoea kuhesabu vimo kwa mita, na hapa walitakiwa wahesabu kwa futi. Aliyezungumza na Delhi hakuwa rubani bali mwendesha redio, mtu wa tatu, ambaye hakuwa na kipima-kimo cha kwake. Ilimbidi achungulie juu ya mabega ya marubani. Neno lililotoka Delhi lilipita kwanza katika Kiingereza cha huyu, ndipo likawafikia walioshika usukani. Ndege ikaipita futi 15,000 ikaendelea kushuka. Upande wa Kazakhstan ulidai baadaye kwamba ndege ilisukumwa na misukosuko ya hewa katika mawingu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji R. C. Lahoti haikukubali. Ilisema chanzo ni kushuka bila ruhusa, na ikataja Kiingereza hafifu kilichowafanya wayafahamu vibaya maagizo, pamoja na uzembe wa kutokumbushana vimo chumbani mwa marubani.

Nadhani (na hii ni dhana ya mtu wa lugha, si ya tume) kwamba mtu asiyekijua Kiingereza vizuri, akiwa amechoka, akasikia "mia na arubaini" inatajwa redioni mara kwa mara, ni rahisi kwake kuichukua kuwa ni yake. Maneno aliyopewa yawe ngao yakawa chambo.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo likinijia hunikosesha raha. Katika dakika ya mwisho mwendesha redio alichungulia kipima-kimo akaona hawako 150. Akawahimiza marubani wapande. Wakatia nguvu, na ndege ikaanza kupanda. Ilikuwa imekwisha kushuka chini ya njia ya Saudia. Lau isingepanda, huenda wangepita chini yake. Mkia wa Ilyushin ukakata bawa la Boeing. Marubani wa ndege ya jeshi la Marekani waliokuwa njiani kuja Delhi waliona wingu limewaka rangi ya moto. Katika chumba cha rada vidoa viwili vikawa kimoja, kisha hakuna.

Vipande viliangukia mashamba ya karibu na mji wa Charkhi Dadri, magharibi ya Delhi. Chombo cha kunasa sauti cha ndege ya Saudia kilipookotwa kilikutwa na sauti za marubani, kabla ya kufika ardhini, wakisoma dua ambayo Mwislamu huisoma mauti yakimfikia. Walikuwa wameambiwa wakae 140, wamerudisha 140, na walikuwa 140. Watu 349 walikufa, hakuna aliyesalia hai.

Baada ya hapo India ilitenga njia za kuingia na za kutoka, ikaanza kutumia rada ya kuonyesha vimo, na ikaamuru ndege za abiria zinazoruka katika anga yake ziwe na mtambo wa kuzuia kugongana. Zile mbili za Delhi hazikuwa nao.

Mtambo huo huitwa kwa kifupi TCAS, na marubani hulitamka jina hilo "tikasi". Kila ndege ya abiria ina kifaa kinachoitwa transponda, ambacho rada ya chini ikikiuliza hujibu: mimi ni fulani, niko kimo fulani. TCAS huuliza swali hilo hilo kutoka hewani. Takriban kila sekunde huziuliza ndege zilizo jirani, hupima majibu, hukadiria ni sekunde ngapi zimebaki mpaka zikutane. Ikiona hatari inakaribia, kwanza huonya kwa sauti kwamba kuna jirani. Hatari ikizidi, huamuru: paa, au shuka. Haisemi kamwe kulia wala kushoto, kwa kuwa upande haiupimi kwa usahihi wa kutosha. Na ndege zote mbili zikiwa nayo, mitambo hupatana yenyewe kwa yenyewe, mmoja ukisema paa mwingine husema shuka. Rubani hupata kama nusu dakika, pengine robo tu, na hutarajiwa atii ndani ya sekunde tano.

Watu walidhani fumbo limefumbuliwa. Lakini wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa alikuwa ameingia nahodha mpya. Mwongoza-ndege akisema shuka, na mtambo ukasema paa, atiiwe nani?

Swali hilo lilifika Japani tarehe 31 Januari 2001. Boeing 747 ya Shirika la Ndege la Japani, safari namba 907, ilikuwa imeruka kutoka Haneda, Tokyo, kwenda Naha, nayo ingali inapaa. Ilikuwa inakaribia njia ya DC-10 ya shirika hilo hilo, safari namba 958, iliyokuwa ikienda Narita kwa kimo cha futi 37,000. Mwongoza-ndege aliyekuwa katika mafunzo aliona hatari, akakusudia kuiambia 958 ishuke. Ulimi ukateleza, akataja 907. Ile iliyokuwa ikipaa ikaanza kushuka. Mara TCAS yake ikalia: paa! Na TCAS ya 958 ikalia: shuka! Rubani wa 907 akachagua kumtii binadamu, akaendelea kushuka. Mwenziwe akautii mtambo, naye akashuka. Msimamizi wa yule mwanafunzi akaidaka redio ili kuokoa, akaiamuru ishuke namba 957, na ndege ya namba hiyo haikuwako angani.

Zikapishana kwa mita 135 au hivi, baada ya rubani wa 907 kuibwaga ndege yake chini kwa nguvu. Watu wapatao 100 walijeruhiwa, wengine wakarushwa mpaka darini pamoja na magari ya chakula. Watu 677 waliokuwamo katika ndege mbili hizo walibaki hai kwa macho ya rubani. Wale waongoza-ndege wawili walishitakiwa, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama Kuu kabisa ya nchi ilipothibitisha hatia yao mwaka 2010. Mimi nina shaka kama ni haki kumfunga mtu kamba kwa kuteleza ulimi. Mwalimu wetu wa chuo alipiga kiboko, lakini hakumpeleka mtoto kwa kadhi.

Ripoti ya wachunguzi wa Japani, iliyotaka dunia iamue wazi nani atiiwe, ilitoka Julai 2002. Ilikuwa imechelewa kwa siku chache. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, mwongoza-ndege aliyekuwa Zurich, peke yake kazini, akihudumia meza mbili na simu zake zikiwa zimezimwa kwa matengenezo, aliiambia ndege ya Kirusi aina ya Tupolev ishuke. TCAS yake ikaiambia ipae. Marubani wakamfuata mtu. Ndege ya mizigo, Boeing 757, iliyotoka Bergamo nchini Italia muda mfupi kabla, iliufuata mtambo wake, nao ulisema shuka. Zote mbili zikashuka, zikakutana. Walikufa watu 71, wengi wao watoto wa Ufa, Urusi, waliokuwa wakienda likizo Uhispania. Mwongoza-ndege yule naye aliuawa mwaka 2004, mlangoni mwa nyumba yake, na baba aliyefiwa na mke na wanawe.

Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliyaweka maneno wazi: mtambo ukiamuru, rubani autii mtambo, hata kama mwongoza-ndege amesema kinyume, amwarifu, na mwongoza-ndege aache kuiamuru ndege ile mpaka itakapotangaza kwamba hatari imepita. Mwaka huo huo shirika hilo lilipitisha kipimo cha Kiingereza kwa marubani na waongoza-ndege wote wa safari za kimataifa, cha daraja sita, na asiyefika daraja ya nne haruhusiwi. Kikaanza kufuatwa mwaka 2008. Hiyo ni deni ya Charkhi Dadri, imelipwa baada ya miaka kumi na mbili.

Hata hivyo mtambo haujui nia. Ndege inayopaa kwa kasi, ikiwa imeambiwa ikome kimo 140, na jirani yuko 150, mtambo huona tu chombo kinachomkimbilia mwenziwe. Haujui kwamba rubani atakoma. Kwa sababu hiyo hulia bure, na kulia bure kukizidi watu huzoea wakapuuza. Kwa hiyo marubani hushauriwa kwamba katika futi 1,000 za mwisho kabla ya kimo walichopewa, wakijua kuna jirani, wapunguze kasi ya kupaa isizidi futi 1,500 kwa dakika.

Tena karibu na ardhi, kama futi 1,000 hivi kutoka chini, TCAS hunyamaza isitoe amri, ili isije ikamtupa rubani chini katika majumba. Na ndege ndogo hazilazimishwi kuwa nayo. Kanuni ya kimataifa huzishika zile za injini za tabaini zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700, au zinazoweza kuchukua abiria zaidi ya 19. Hapa ndipo mambo yanapotufika nyumbani. Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ndiyo kwanza imeondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuja Diani kwetu pwani, ikiwa na watu 44, iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Ile ndogo iliangukia Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na waliokuwamo, mwanafunzi na mwalimu wake, wakafa wote wawili. Sisemi lolote juu ya nani alikosea. Hiyo si kazi ya mwandishi wa mashairi.

Ninalolisema ni kwamba Wilson ni mahali ambapo anayejifunza kuruka kwa mara ya kwanza na anayewapeleka watalii Mara hutumia anga moja, kwenye vimo ambavyo mtambo ama haupo ama umenyamaza, na kilichobaki ni macho na redio. Waongoza-ndege wetu husomea kazi hii Embakasi, katika Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki. Zamu inapobadilika, anayeondoka hainuki akaenda zake. Humweleza anayeingia habari za kila ndege iliyo hewani, ipi inapaa, imeambiwa ikome wapi, ipi inashuka kuja kuikuta, na huyo anayeingia husikiliza mpaka mwisho ndipo avae visikizio vyake.